Likizo kwa Jamaa Oman: Majibu kwa Wasomaji Watano

Kila mwaka skuli zinapokaribia kufungwa, barua zinazoifikia safu hii hubadilika harufu: huacha habari za ada na mikopo, zikaanza kunukia udi. Safari hii wengi wenu mnakwenda Oman kuwatembelea jamaa, na maswali yenu yanakaribiana kiasi kwamba nimeona niyajibu pamoja. Nimekwenda huko mara tatu, na mara zote nilikuwa mgeni wa shangazi yangu, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyelalia godoro la wageni, si ya wakala wa safari.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 14, na ninakaa Wete. Shangazi wa mume wangu, anayeishi Seeb karibu na mji wa Maskati, ametualika tukae naye siku 12 mwezi wa Disemba. Hatujawahi kutoka nje ya Tanzania. Wifi yangu anasema tukishafika huko tusiikose Dubai, mume wangu anataka kuona ngome, na mimi nataka kupumzika. Je, siku hizo zinatosha, na twende wapi ili watoto wasichoke na mwenyeji wetu naye asituchoke?
Mama Watatu, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, Mama Watatu. Siku 12 zinatosha vizuri, na nitaanza kwa kuiondoa Dubai kwenye hesabu. Ile ni nchi nyingine, ina viza yake na mpaka wake, na kutoka Maskati ni mwendo wa gari unaokaribia kilomita 450. Kwenda, kulala na kurudi kutachukua siku tatu nzima, na muda mwingi mtakuwa ndani ya gari pamoja na mtoto wa miaka 6 anayeuliza kila baada ya nusu saa kama mmefika. Wifi yako akiipenda sana, aiwekee safari yake.

Disemba ni mwezi mzuri. Kiangazi cha Oman hupita nyuzi 40 bila taabu, lakini kuanzia Novemba hadi Machi hewa hutulia, na jioni huingia ubaridi unaomtaka mtoto avae sweta, hasa mkipanda milimani. Huo ndio wakati wa kaskazi huku kwetu, upepo uliokuwa ukiwaleta mabaharia wa Sur na Maskati hadi bandari za Unguja, ambako walilazimika kungoja kusi ivume ndipo warudi kwao. Nyinyi mtakwenda kinyume cha upepo kwa muda wa saa tano hivi angani, na mkishuka mtakuta saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Kabla ya kupanga mahali popote, muulizeni shangazi ratiba ya nyumba yake. Wiki ya kazi ya Oman ni kuanzia Jumapili hadi Alkhamisi, na mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Likizo za skuli zao pia hazilingani na zetu. Maana yake ni kwamba nyinyi mtakuwa likizoni katika nyumba ambayo wenyewe wanaamka alfajiri kwenda kazini na masomoni. Wageni wengi hulisahau hilo, wakaanza kuona kwamba mwenyeji hawashughulikii, na mwenyeji naye akaanza kuomba ruhusa kazini kwa kuona haya. Safari za mbali ziwekeni Ijumaa na Jumamosi, wakati atapatikana kijana wa nyumbani wa kuwaendesheni; za karibu zifanyeni asubuhi za siku za kazi, kwa teksi, mrudi kabla ya chakula cha mchana. Na baada ya kila siku ya kutoka, iwepo siku ya kukaa ndani. Katika safari yangu ya kwanza tulitembelea mahali tisa kwa siku sita, na picha zote tulizorudi nazo ni za watu wanaotafuta kivuli.

Mahali pa kwanza ningewapeleka kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, kwa sababu hauko mbali na Seeb na kwa sababu watoto hawatausahau. Ulijengwa kuanzia mwaka 1995 na kufunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi mkuu lilifumwa na wanawake wa Kiirani kwa muda wa miaka minne na lina uzito wa tani 21, na juu yake inaning'inia thurea yenye urefu wa mita 14, ambayo binti yenu wa miaka 6, kama binti ninayemjua mimi, atalala chali kuitazama. Watalii wasio Waislamu huruhusiwa kuingia kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi isipokuwa Ijumaa, na saa hizo huwa na misafara mirefu ya watu. Nyinyi hamna haja ya kubanana nao: nendeni kwa sala ya Alasiri, msali, kisha mkae uani mpaka jua lipungue makali.

Siku nyingine nendeni Mutrah jioni. Pale kuna soko la zamani lenye vichochoro vilivyoezekwa, linalouza ubani, fedha, kofia na shali, na mbele yake kuna njia pana ya kutembea kandokando ya bahari. Mtoto aliyezoea Darajani au soko la Wete hatalishangaa soko lenyewe, lakini atashangaa kumsikia mwenye duka mzee, baada ya kusikia lafudhi ya mama yake, akimjibu kwa Kiswahili cha Mkunazini.

Sasa niseme na mume wako kuhusu ngome, kwa sababu hapa ndipo safari yenu inapoweza kuwa na maana kuliko ya mtalii wa kutoka Ulaya. Katika mji mkongwe wa Maskati, kila upande wa kasri ya Al Alam, kuna ngome mbili juu ya majabali, Al Jalali na Al Mirani, ambazo Wareno waliziimarisha katika miaka ya 1580. Hata mkizitazama kwa nje tu zinatosha, na karibu yake ipo Makumbusho ya Taifa iliyofunguliwa mwaka 2016, yenye kiyoyozi na vyoo safi, jambo ambalo mama mwenye watoto watatu atalithamini kuliko msomi yeyote. Wareno hao walifukuzwa Maskati mwaka 1650 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi. Imamu huyo huyo ndiye aliyejenga mnara mkubwa wa mviringo wa ngome ya Nizwa, kazi iliyochukua miaka 12 hivi. Kisha mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Na baada ya hapo ndipo Waomani walipojenga Ngome Kongwe ya Forodhani, pale pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Baba alijenga Nizwa, mwana akafika hadi kwetu. Mkipata nafasi ya kulala Unguja kabla ya safari, wapitisheni watoto Ngome Kongwe kwanza, ili wakiuona mnara wa Nizwa wajue wanaangalia nyumba ya upande wa pili wa kisa kimoja.

Nizwa ni kilomita 160 hivi kutoka Maskati, barabara nzuri mwanzo hadi mwisho. Nendeni Ijumaa, mtoke mara baada ya sala ya Alfajiri, kwa sababu asubuhi hiyo ndiyo ya mnada wa mifugo: wenye mbuzi na ng'ombe huwazungusha katika duara huku wanunuzi wakipaza sauti ya bei, na ikifika saa tatu au nne shughuli imekwisha. Ngomeni watoto waonyesheni matundu yaliyo juu ya milango ya ngazi, ambayo walinzi waliyatumia kummwagia adui asali ya tende iliyochemka. Mwanangu alikisimulia kisa hicho skuli kwa muhula mzima.

Safari ya pili ya mbali, kama miguu ingali na nguvu, iwe ni ya Sur, mji wa mabaharia. Pale utaona majahazi yakiundwa kwa mkono, na lipo jahazi kongwe liitwalo Fatah al-Khair ambalo liliwahi kuuzwa Yemen, hadi watu wa Sur wakachanga fedha wakalirudisha kwao. Mbele zaidi ni Ras al Jinz, ambako kasa hutaga mayai usiku, na wageni huongozwa na walinzi wa hifadhi. Lakini kasa huenda wakatokea na huenda wasitokee, na Wapemba mnaye kasa wenu kisiwani Misali, kwa hiyo kama itabidi mwamshe mtoto wa miaka 6 usiku wa manane, mimi nisingemwamsha.

Mambo mawili ya usalama nayasema kwa mkazo. Kule magari hupita mkono wa kulia, kinyume na kwetu, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka barabara atakuwa anatazama upande usio na gari. Mshikeni mkono kila mara. La pili ni mabonde ya mito, wanayoyaita wadi. Wadi inaweza kuwa kavu na jua linawaka juu yake, kumbe mvua imenyesha milimani, na maji yakashuka kwa nguvu ya kubeba gari. Mkiona mawingu yameshika milima, safari ya bondeni iahirisheni, hata kama kijana wa shangazi anasema amezoea.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa Chake Chake. Ndugu yangu, mtoto wa ami yangu, ametuletea tiketi mimi na mke wangu tukamtembelee Nizwa kwa wiki mbili. Sipendi kwenda mikono mitupu, wala sipendi kula kwa mtu siku zote hizo bila kutoa chochote. Tuchukue nini, na nitatoaje fedha bila kumvunjia heshima?
Mstaafu, Chake Chake

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Wazee wenzako walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo ni kwamba ndugu yako wa Nizwa hatakupa jembe hata ukimwomba, kwa hiyo itakubidi ulitafute mwenyewe.

Fedha usimkabidhi mkononi. Nimeona watu wazima wawili wakifukuzana uani, huyu akisukuma noti mfukoni mwa mwenzake na yule akizirudisha, mpaka majirani wakachungulia. Badala yake, lipia vitu ambavyo havina mjadala. Gari likiingia kituo cha mafuta, uwe wa kwanza kushuka. Ukienda sokoni na kijana wa nyumbani, nunua samaki na matunda ya siku mbili tatu. Mkitoka kwenda kula nje, mwambie mhudumu mapema kwamba hesabu ije kwako. Wajukuu wape chochote kama vile ni Idi, kwani zawadi ya mtoto hairudishwi na mtu. Mkeo naye achukue jiko angalau mara moja kwa wiki: sufuria ya urojo, au pweza wa nazi kama atapatikana, katika nyumba ya Mzanzibari aliyeko Nizwa ni zawadi inayozidi rial 50, na nadhani mwenyeji wako atakwambia hivyo mwenyewe akiwa anafuta jasho la pilipili.

Kuhusu rial, jihadhari na udogo wa tarakimu zake. Rial moja ina baisa 1,000, na thamani yake imefungwa na dola tangu mwaka 1986, kwamba rial moja ni dola 2.6 hivi. Sisi tuliozoea kuhesabu kwa maelfu tukiona kitu kimeandikwa 8 hudhani ni bure. Ibadilishe kwanza akilini iwe dola, kisha iwe shilingi, halafu ndipo ufungue pochi.

Sasa mizigo. Jamaa walioko kule hawana haja ya vitu vya dukani, kwa sababu maduka wanayo. Wanachokikosa ni vitu vya nyumbani: kanga zenye maneno mapya, ambazo bibi wa miaka themanini atazisoma moja moja kwa sauti kabla ya kuzigawa; ubuyu wa rangi, vileja, kashata, achari ya ndimu na ya embe, mkeka mzuri wa ukili. Achari ifungwe mara tatu kwa plastiki na iwekwe kwenye begi kubwa linalokwenda chini ya ndege, kwani kwenye begi la mkononi kitu chochote cha majimaji kinachozidi mililita 100 kitabaki kwenye meza ya ukaguzi. Matunda mabichi na miche msichukue bila cheti cha afya ya mimea. Makombe na magamba ya kasa yaacheni baharini.

Lipo moja linalowahusu Wapemba kuliko watu wengine, nalo ni karafuu. Najua karafuu zimeanikwa mbele ya nyumba yako na hakuna zawadi inayonukia zaidi ya hiyo, lakini zao hili husimamiwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kuzitoa nchini kiholela huhesabiwa kuwa ni magendo. Usifunge pishi mbili kwenye mfuko ukadhani ni jambo dogo. Nunua dukani pakiti ndogo zilizofungwa, uweke risiti, na kama unataka kuchukua zaidi ya hapo waulize wenyewe ZSTC kwanza. Itakuwa aibu kubwa mzee wa makamo yako kuanza likizo kwa kutoa maelezo uwanja wa ndege.

Dawa zako za kila siku ziwe ndani ya makasha yake, pamoja na karatasi ya daktari, na ziwe kwenye begi la mkononi. Kuhusu viza, mwenyeji wako athibitishe aina inayokuhusuni kabla tarehe za tiketi hazijafungwa, na pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita ya uhai. Na tafadhali usipange kupanda boti kutoka Mkoani asubuhi na ndege Kisauni jioni ya siku hiyo hiyo. Mkondo wa Nungwi wakati wa kaskazi haujali tiketi ya mtu. Laleni Unguja usiku mmoja, mpande ndege mkiwa mmeoga.

SWALI: Ninampeleka mama yangu, mwenye miaka 74, Maskati kwa siku saba kumwona dada yake aliyehama Unguja mwaka 1974. Wameonana mara moja tu tangu hapo, zaidi ya miaka 20 iliyopita. Nimeandaa orodha ya mahali 11 pa kumtembeza ili afaidi safari, lakini kila nikimsomea orodha yangu ananiambia, "Inshaallah," kisha anabadilisha mazungumzo. Nifanyeje avutiwe?
Kijana wa Mkunazini

JIBU: Mwanangu, mama yako ameshakujibu. Kwa adabu ya wazee wetu, "inshaallah" inayofuatiwa na mazungumzo mengine ni "hapana" iliyovaa kanzu.

Yeye haendi kuona Maskati, anakwenda kumwona dada yake. Siku saba za watu walioachana miaka 50 ni chache, na sehemu kubwa itakwenda kwenye mambo ambayo wewe utayaona si chochote: nani alimwoa nani, nyumba ile ya Vuga sasa inakaliwa na nani, mtungi wa bibi ulikwenda wapi. Waachie asubuhi zote. Utaratibu wa nyumba za kule wenyewe utawasaidia, kwa sababu kahawa na tende hutoka kila anapoingia mtu, halua kwanza na kahawa baadaye, na kikombe hujazwa tena na tena mpaka mnywaji akitikise kuonyesha kwamba ametosheka. Mama yako anayajua hayo tangu utotoni. Wewe ndiye utakayesahau kutikisa kikombe ukanywa vikombe tisa.

Kaa nao siku ya kwanza au ya pili, uwe na daftari. Waombe wakutajie majina ya ukoo hadi wanapofika, na uandike pamoja na mitaa waliyokaa. Wengi wa rika la khalati yako walitoka hapa baada ya mwaka 1964 wakatawanyika sehemu nyingi, na wengine wakaingia Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee. Kwa hiyo habari za ukoo mmoja huwa zimekaa nusu huku na nusu kule, na dada wawili waliokaa kwenye godoro moja ndio pekee wanaoweza kuziunganisha. Usiwasahihishe tarehe. Wakibishana, andika zote mbili.

Katika mahali pako 11, chagua mawili kwa ajili yao. Moja liwe ni Mutrah baada ya Alasiri, kwa gari, wateremshwe karibu na bahari wakae tu wakitazama vyombo. La pili, ikiwa wapo jamaa Nizwa wa kutembelewa, pitieni Falaj Daris. Falaj ni mfereji wa kale unaoyateremsha maji kutoka chini ya milima hadi kwenye mashamba ya mitende kwa mteremko tu, bila pampu, na wenye mashamba hugawana maji hayo kwa zamu za saa. Falaj Daris ni mmoja wa mitano iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini kinachonifanya niutaje ni kwamba pana bustani na kivuli, na maji yanapita karibu kiasi kwamba mzee anaweza kutumbukiza miguu bila kupanda ngazi hata moja.

Mahali tisa yaliyobaki nenda wewe na vijana wenzako wa nyumba ile. Wadi Shab, kwa mfano, ni bonde zuri mno lenye maji ya kijani katikati ya majabali, lakini unavuka kwa boti ndogo kisha unatembea juu ya mawe kwa karibu saa nzima. Kwako ni raha, kwa mama yako ni adhabu. Wakati wa kukata tiketi omba kiti cha magurudumu uwanjani hata kama mama anatembea vizuri, kwani masafa ya kutoka ndegeni hadi dirisha la uhamiaji si ya mtu wa miaka 74. Atakataa kwanza. Mwambie ni utaratibu wa shirika la ndege.

SWALI: Tiketi za Julai ni nafuu zaidi kuliko za Disemba. Kuna ubaya gani kwenda wakati huo?
Msafiri, Micheweni

JIBU: Ubaya ni jua. Mwezi wa Julai Maskati hutoki nje kuanzia asubuhi hadi jua lizame, na likizo yako yote utaimaliza chini ya kiyoyozi, ukihama kutoka kile cha nyumbani kwenda kile cha gari na kile cha duka. Mahali pekee pa kwenda wakati huo ni Salalah, kusini kabisa, kilomita 1,000 hivi kutoka Maskati, ambako kuanzia Juni hadi Septemba huwa na msimu wa manyunyu na ukungu wanaouita kharif. Milima huwa kijani na Waarabu wa nchi za jirani humiminika kwa maelfu kuja kushangaa mvua. Ni pazuri kweli. Ila wewe unatoka Micheweni, na kandokando ya barabara za Salalah utakuta minazi, migomba na mipapai, na vibanda vinavyouza madafu. Kama uko radhi kusafiri mwendo wote huo ukauziwe dafu, nenda kwa amani.

SWALI: Wanangu hawajui Kiarabu ila cha Kurani, na watoto wa kaka yangu aliyeko Maskati wanazungumza Kiarabu na Kiingereza tu. Nahofia watakaa kila mmoja na simu yake siku kumi nzima. Nifanye nini kabla hatujaondoka?
Mama wa Kiembesamaki

JIBU: Dada yangu, usiwafundishe sentensi za salamu za kwenye kitabu, kwani watazisema mara moja mlangoni na kuzisahau. Wafundishe wakupikie wenyewe kitu kimoja, mfano kashata au vileja, na ukifika kule waambie wawapikie binamu zao. Watoto wanaogombania sukari hupata lugha haraka. Mishkaki na mandazi wataikuta kule vilevile kwenye meza za jioni, kwa hiyo chakula hakitakuwa tatizo hata siku moja. Pia chukua vifaa vya mchezo usiohitaji maneno. Sisi tulichukua ubao wa keram, ambao uwanja wa ndege walitutoza kama mzigo mkubwa na mume wangu akanung'unika mpaka Maskati. Siku ya tatu watoto sita walikuwa wameuzunguka, na mtoto mdogo wa shangazi, ambaye baba yake alidhani hajui hata neno moja la Kiswahili, akapiga ukelele, "Umeiba!"